Shilingi kwa shilingi: namna ya kubadilisha pesa ya Kenya na ya Tanzania bila kupunjwa

Mtu avuke mpaka wa Kenya na Tanzania pale Namanga na shilingi 10,000 za Kenya, azibadilishe zote, kisha aghairi safari na kurudi dirisha lile lile dakika tano baadaye: ataondoka na kama 9,000 tu. Hajaibiwa. Ubao wa duka ulikuwa na namba mbili, na kila alipobadilisha aliangukia ile isiyomfaa.

Viwango tunavyotumia humu ni vya mfano, lakini haviko mbali na hali ya karibuni. Tangu katikati ya 2024 dola moja ya Marekani imetulia kwenye shilingi 129 hivi za Kenya, huku upande wa Tanzania ikipanda na kushuka kati ya 2,400 na 2,750 hivi. Gawanya, utaona shilingi moja ya Kenya ikicheza kati ya 18 na nusu na 21 za Tanzania. Kabla ya kutoka nyumbani angalia kiwango cha siku hiyo, kisha weka namba yako mahali pa zetu.

Ubao husema kwa mdomo wa mwenye duka

Tuseme ubaoni, kwenye mstari wa pesa ya Kenya, pameandikwa: kununua 18.50, kuuza 20.50. Anayenunua ni yeye, na anayeuza ni yeye. Ukimpelekea pesa ya Kenya, ananunua kwako, na kwa kila shilingi moja atakupa 18.50 za Tanzania. Ukitaka pesa ya Kenya kutoka kwake, anakuuzia, na kila moja itakutoka kwa 20.50. Ukichanganyikiwa, piga hesabu kwa namba zote mbili. Jibu dogo ndilo lako, siku zote.

Yule wa Namanga basi: 10,000 × 18.50 = 185,000. Akirudi, 185,000 ÷ 20.50 = 9,024. Zimemponyoka 976, karibu asilimia 10. Kujua pengo la duka lolote bila kubadilisha hata senti, toa bei ya kununua kwenye bei ya kuuza, kisha gawa kwa bei ya kuuza: 2 ÷ 20.50 = 0.0976. Linganisha maduka kwa namba hiyo. Duka linaloandika bei nzuri ya kununua dola huenda ndilo linalokamua kwenye pesa ya Kenya, kwa sababu wateja wengi hutazama mstari wa dola tu.

Pengo la dola mara nyingi huwa dogo, na sababu ni soko: noti ya dola inanunulika popote. Noti ya Kenya ikiuzwa Mbeya inaweza kukaa kabatini siku nyingi ikisubiri msafiri, na mwenye duka anajikinga na hasara ya kusubiri huko kwa kukupa bei mbaya. Mpakani, kama Namanga, Holili, Sirari au Horohoro, noti hiyo hiyo inapata mtu saa hiyo hiyo. Kwa hiyo anayetoka Nairobi kwenda Dar es Salaam kwa basi kwa kawaida hupata zaidi akibadilisha sehemu kubwa mpakani au Arusha kuliko akisubiri afike. Aendaye kusini zaidi asitegemee kabisa kukuta dirisha linaloitaka pesa ya Kenya.

Kipimo cha kati, ambacho hakuna atakayekupa lakini unakihitaji ili kujua unapunjwa kiasi gani, ni cha benki kuu. Benki Kuu ya Tanzania hutangaza kila siku ya kazi bei ya kununua, ya kuuza na wastani, kwa shilingi za Tanzania kwa kila moja ya Kenya. Benki Kuu ya Kenya huandika dola kwa shilingi za Kenya, lakini ikifika kwa majirani inageuza: inaandika shilingi ngapi za Tanzania kwa moja ya Kenya. Kwa hiyo tovuti zote mbili zitakupa namba ya 19 na kitu au 20 na kitu. Usigeuze tena.

Baadhi ya maduka ya Nairobi huandika kinyume, yaani shilingi moja ya Tanzania ni 0.05 ya Kenya. Hapa chunga desimali. Kama kiwango ni 19.50, kinyume chake ni 0.05128. Mtu akikata na kubaki na 0.05, kwenye milioni moja ya Tanzania atakupa 50,000 badala ya 51,282. Shilingi 1,282 zimeishia kwenye desimali. Dai tarakimu tano baada ya nukta, au mwambie afanye hesabu kwa kugawanya: milioni moja gawa kwa 19.50.

Hesabu ya kichwani

Ishirini ni namba rafiki. Kutoka Kenya kwenda Tanzania: zidisha mara mbili, ongeza sifuri. Shilingi 3,000 zinakuwa 6,000, kisha 60,000. Kutoka Tanzania kwenda Kenya: ondoa sifuri, gawa nusu. Shilingi 50,000 zinakuwa 5,000, kisha 2,500.

Halafu rekebisha. Kila sehemu ya kumi (0.1) chini ya 20 ni nusu asilimia. Kiwango kikiwa 19.50, umeshuka sehemu tano za kumi, yaani asilimia mbili na nusu. Basi zile 60,000 zipunguze kwa 1,500: unapata 58,500, na hilo ndilo jibu kamili. Ukielekea upande wa pili unaongeza: 2,500 jumlisha asilimia mbili na nusu ni kama 2,562, na kikokotoo kitasema 2,564. Tofauti ya shilingi mbili haimuui mtu. Kiwango kikiwa juu ya 20, geuza: ongeza unapokwenda Tanzania, punguza unapokwenda Kenya.

Makosa makubwa zaidi hutokea mdomoni. Nchi zote mbili husema "shilingi", huandika "Sh" au "/=", na huhesabu kwa elfu na laki. "Elfu tano" ya Kenya ni karibu laki moja ya Tanzania. "Elfu tano" ya Tanzania ni kama 256 za Kenya. Kwenye masoko ya mpakani, ambako mtu anaweza kutaja bei kwa pesa yoyote kati ya mbili, uliza kabla ya kuonyesha umependa kitu: ya Kenya au ya Tanzania? Kwenye ujumbe wa simu na risiti za mkono andika KES au TZS, maana TSh na KSh zikiandikwa haraka hufanana. Lugha ya mtaani nayo ina mitego. Buku ni 1,000 ya Tanzania, jero ni 500, na msimbazi ni noti nyekundu ya 10,000. Thao ni 1,000 ya Kenya na soo ni 100. Anayekwambia Nairobi "nipe soo mbili" anataka kama shilingi 3,900 za madafu, yaani za Tanzania.

Kwa nini ishirini

Mwaka 1966 shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na moja ya Tanzania, na wala hapakuwa na haja ya kikokotoo. Historia hiyo imebaki kwenye maneno tunayotumia. Pesa ilitoka kwenye paisa ya India, iliyozunguka pwani pamoja na rupia na reale ya Maria Theresa. Hela ni heller ya Wajerumani, walioigawa rupia yao sehemu 100 mwaka 1904. Shilingi ni ya Mwingereza. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919, ikajaribu florini mwaka 1920, na mwaka uliofuata ikaleta shilingi, 20 kwa pauni moja. Zanzibar ilishika rupia yake mpaka 1936, kisha ikaibadilisha kwa shilingi moja na nusu kila moja.

Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango tarehe 14 Juni 1966, ile ya Kenya tarehe 14 Septemba mwaka huo huo, na Uganda katikati yao. Shilingi tatu mpya zilianza zikiwa sawa, na zote zilisimama kwenye 7.14 kwa dola hata pauni iliposhushwa mwaka 1967.

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Kisha vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliikamua Tanzania, lakini kiwango rasmi kikaendelea kushikiliwa juu, na soko la magendo likawa ndilo soko lenyewe. Kuanzia 1986, chini ya Rais Mwinyi na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ilishushwa mara kwa mara. Sheria ya fedha za kigeni ya mwaka 1992 ikaruhusu maduka ya kubadilishia. Kenya nayo ililegeza kamba mwaka 1993 na kuruhusu maduka mwaka 1995, lakini ilikuwa imeteremka kidogo kuliko jirani. Katikati ya miaka ya 1990 shilingi ya Kenya ilikuwa kama 11 za Tanzania. Kufikia 2015 ilikuwa 20. Hivyo ishirini ni alama ya mfumuko wa bei wa miongo kadhaa. Haisemi lolote kuhusu nani ana maisha nafuu leo, ingawa wapo wanaoitumia kutambiana.

Namba hiyo haikulala. Mwaka 2019 ilifika kama 22. Mwishoni mwa Januari 2024, dola ilipofika 160 Nairobi kwa hofu ya deni la Eurobond (hati fungani zilizouzwa ng'ambo kwa dola) lililotakiwa kulipwa Juni, ilianguka chini ya 16. Kenya ilipouza hati fungani mpya Februari na kununua sehemu ya deni hilo, shilingi yake ikarudi kwenye 131 hivi ndani ya wiki chache. Aliyebadilisha shilingi 100,000 za Kenya mwishoni mwa Januari alipata kama milioni 1.58 kwa kiwango cha kati. Aliyesubiri mpaka mwisho wa Machi alipata kama milioni 1.94.

Tangu hapo pesa ya Kenya imetulia, na anayetikisika ni mwenzake. Shilingi ya Tanzania huwa dhaifu nusu ya kwanza ya mwaka na kupata nguvu nusu ya pili, watalii wanapokuja na korosho na tumbaku zinapouzwa nje. Mwaka 2025 dola ilitoka karibu 2,700 mwezi Mei hadi chini ya 2,500 Septemba. Kwa anayepokea mshahara Kenya na kujenga Tanga, hiyo ina maana moja: saruji ya Mei ilikuwa nafuu kwake kuliko ya Septemba hata kama bei dukani haikubadilika. Msimu si ahadi, lakini kwa asiyelazimika kutuma tarehe fulani, ni jambo la kupanga.

Sarafu moja ya Afrika Mashariki, ambayo ingefuta makala hii yote, ilisainiwa mwaka 2013 ianze 2024, kisha ikasogezwa hadi 2031.

Njia, na kiwango halisi

Kila njia ipimwe kwa hesabu moja: pesa iliyofika mkononi mwa mpokeaji, gawa kwa pesa yote iliyokutoka. Hicho ndicho kiwango halisi. Namba nyingine zote ni matangazo.

Chukua simu. M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zinatumiana tangu 2015. Tuseme mtandao unakuonyesha 19.00, bora kuliko 18.50 ya dukani. Unatuma 10,000, ada ni 150. Zinafika 190,000, na mpokeaji akizitoa kwa wakala anakatwa 3,800. Amebaki na 186,200, nawe umetokwa na 10,150. Gawa: 18.34. Duka limeshinda. Mpokeaji akilipia bidhaa moja kwa moja kwa simu bila kutoa taslimu, hesabu inabadilika na huenda simu ikashinda. Muulize kabla hujatuma atazifanyia nini.

Soma kiwango na kiasi kitakachofika kwenye ujumbe wa kuthibitisha, kabla ya namba ya siri. Namba ya Tanzania unayoiandika ukiwa Kenya inapoteza sifuri ya mwanzo na kupata 255. Ya Kenya inapata 254. Hakikisha jina linalotokea ni lenyewe. Muamala uliokosewa ndani ya nchi unarudishwa kwa shida. Uliovuka mpaka una mitandao miwili inayosukumiana.

Kwa kiasi kikubwa nenda benki, na uulize swali hili kwa maneno haya: je, mnatuma kwa EAPS? Huo ni mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, ulioanza 2013, unaounganisha mifumo ya benki kuu ili shilingi ivuke mpaka ikiwa shilingi. Usipoutaja, karani anaweza kukutumia kwa njia ya kawaida ya kimataifa: shilingi zako zinageuzwa dola Nairobi, zinapita benki ya kati ng'ambo, kisha zinageuzwa tena Dar. Umelipa pengo mara mbili na ada ya mtu wa katikati. Swali la pili ni nani anabadilisha. Ukituma shilingi za Kenya kwenye akaunti ya shilingi za Tanzania, benki inayopokea itabadilisha kwa kiwango chake, nawe hutakiona mpaka baadaye.

Kadi ina mtego mmoja mkubwa. Mashine ya kutolea pesa, au ya dukani, inakutambua ni mgeni na kuuliza kwa upole kama ungependa kukatwa kwa pesa ya kwenu. Kataa. Ukikubali, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, nacho hukipanga kwa faida yake. Chagua daima pesa ya nchi uliyosimama.

Dola kama daraja inafaa wakati fulani. Tuseme Nairobi unauziwa dola kwa 130.50 na Dar inanunuliwa kwa 2,470. Shilingi 100,000 za Kenya zinakuwa dola 766, na Dar zinakuwa 1,892,020. Moja kwa moja kwa 18.50 ungepata 1,850,000. Faida ya 42,000, ukiwa na noti nzuri. Maduka mengi hukataa au hupunguza bei kwa dola zilizochanika, zilizoandikwa kalamu, za matoleo ya zamani, na kwa noti ndogo za 1 hadi 20. Omba za 50 na 100, mpya, na chenji ndogo ibaki kwa shilingi.

Wabadilishaji wa mkononi wanaokimbilia basi mpakani hawana leseni, na kwa sheria za nchi zote mbili biashara hiyo haitakiwi. Ujanja wao unajulikana. Noti inakunjwa katikati ya bunda ili ihesabiwe mara mbili. Kikokotoo kimechezewa. Kuna haraka ya makusudi: "askari anakuja!" na pesa inabadilishwa mikononi. Duka lenye leseni litataka pasipoti au kitambulisho na kukupa risiti. Itunze, ndiyo ushahidi wako ukikuta noti bandia. Hesabu pesa yako pale pale dirishani, noti moja moja. Noti kubwa ya Tanzania ni 10,000 tu, kwa hiyo shilingi 100,000 za Kenya ni noti 185 kwa kiwango chetu, karibu mabunda mawili ya mia mia. Njoo na begi, usije na mfuko wa shati. Ukiwa na fedha taslimu zenye thamani ya dola 10,000 au zaidi, zitangaze forodhani. Kunyamaza ndiko kunakozigeuza kuwa kosa.

Usitegemee pia kulipa hoteli ya Arusha kwa pesa ya Kenya. Tangu tarehe 28 Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kutaja bei au kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani, isipokuwa katika mambo machache kama maduka yasiyotozwa ushuru.

Noti zilizokufa

Noti ya Kenya ya 1,000 ya zamani, yenye sura kubwa ya Jomo Kenyatta, ilikoma tarehe 30 Septemba 2019. Yeyote anayekupa leo anakupa karatasi. Noti za 2019 zina picha ya KICC, jengo la mikutano la Nairobi, kwa kuwa Katiba ya 2010 ilipiga marufuku sura za watu. Noti ndogo za zamani, 50 hadi 500, bado ni halali ndani ya Kenya, lakini dirisha la ng'ambo linaweza kuzikataa, basi usivuke nazo. Matoleo ya 2024 yana utepe wa rangi tofauti na ya 2019. Yote mawili ni sawa, usigombane na mtu. Inua noti kwenye mwanga utafute kichwa cha simba, maandishi CBK (Benki Kuu ya Kenya) na thamani.

Tanzania ilitoa miezi mitatu, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, kukusanya noti zake za zamani: 20, 200, 500, na matoleo ya 1985 hadi 2003 ya 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000. Pesa iliyokaa kwenye sanduku la bibi upande wa Mombasa tangu safari ya zamani huenda imo humo. Kwenye za sasa, alama ya maji ni kichwa cha Nyerere.

Sarafu

Maduka hayapokei sarafu za jirani. Za Kenya ni 1, 5, 10 na 20; za Tanzania ni 50, 100, 200 na 500. Zinazouma ni za 500, kila moja kama 25 za Kenya, na kumi kati yake ni chakula cha mchana. Zimalize kwa chai na choo cha stendi kabla ya kugongewa muhuri wa kutoka, au mwachie mwenzako anayerudi.